Tangi la samaki wa bahari kwenye chumba cha kusubiri: je, ni salama kwa wagonjwa?

Swali la wiki hii limetoka Kibiti mjini. Msomaji wetu ana kliniki ndogo jirani na barabara ya Kilwa, pale ambapo mabasi ya kusini hupita mchana kutwa. Chumba chake cha kusubiri kina mabenchi mawili, kalenda ya duka la dawa na televisheni ambayo, kwa maneno yake, "kazi yake ni kuwaonyesha wagonjwa ajali". Watoto waliokuja kuchomwa sindano au kusafishwa kidonda huanza kulia tangu mlangoni. Aliwahi kuona tangi la kioo lenye samaki wa bahari katika ofisi moja jijini Dar es Salaam, watoto wametulia mbele yake kama maji ya mtungi. Sasa anauliza: sisi tulio jirani na bahari yenyewe, hatuwezi kuweka dogo, lisilo na kazi nyingi? Na lina madhara gani kwa wagonjwa?

Mwishoni akaongeza sentensi moja kama mtu anayemalizia barua. Atakayelitunza tangi ni dada wa mapokezi, mchapakazi sana, ambaye anatumia prednisoloni na methotreksati kwa ajili ya baridi yabisi.

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nilipe swali hili ukurasa mzima. Tangi linaweza kuwekwa. Dada wa mapokezi asiingize mkono wake humo. Nitaeleza yote mawili, nikianza na faida, kwa sababu zipo.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Aaron Katcher na wenzake, walichukua wagonjwa 42 waliokuwa wanangoja upasuaji wa meno. Wengine walikaa wakitazama tangi la samaki, wengine wakatazama picha ya ukutani, na baadhi wakafanyiwa utulizaji wa akili kwa maneno. Waliotazama samaki walikuwa watulivu zaidi wakati wa upasuaji, na kuwaongezea yale maneno ya kutuliza hakukuwaletea utulivu zaidi. Mwaka 2002 Nancy Edwards na Alan Beck wa Chuo Kikuu cha Purdue waliweka matangi kwenye vyumba vya kulia chakula vya wazee wenye ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Wazee hao, ambao kwa kawaida huinuka mezani kabla ya kushiba, walikaa, wakala zaidi, na uzito ukaongezeka. Na mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo kutoka kituo kikubwa cha viumbe wa bahari cha Plymouth, ambako tangi moja lilikuwa linajazwa samaki hatua kwa hatua. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilishuka kwa watazamaji hata tangi lilipokuwa na maji matupu bila samaki. Samaki walipoongezeka, watu walikaa muda mrefu zaidi na wakasema wanajisikia vizuri zaidi.

Hizi ni tafiti ndogo. Shinikizo linaloshuka ukiwa umekaa mbele ya kioo hupanda tena ukitoka nje ya mlango, kwa hiyo mwenye presha aendelee na vidonge vyake. Lakini kwa mzazi anayebembeleza mtoto wa miaka mitatu dakika arobaini akisubiri zamu, utulivu wa dakika arobaini si kitu kidogo. Mtoto aliyetulia hupimwa joto vizuri, husikilizwa kifua vizuri, na sindano humuuma mara moja badala ya mara tatu.

Kilichomo ndani ya maji

Sasa upande wa pili. Kuna bakteria anayeitwa Mycobacterium marinum, ndugu wa yule wa kifua kikuu. Aligunduliwa mwaka 1926 kwa samaki waliokufa kwenye matangi ya maonyesho ya Philadelphia. Yumo kwenye maji ya chumvi na maji baridi pia, na madaktari duniani wamemzoea kiasi cha kuuita ugonjwa wake kwa jina la tangi la samaki. Hapendi joto la ndani ya mwili. Hustawi kwenye nyuzi kama 30, ndiyo maana hukaa kwenye ngozi ya vidole, mikono na viwiko, ambako mwili ni wa baridi kidogo.

Huingia kupitia mkwaruzo. Mtu anasafisha tangi, anajikwaruza kwenye jiwe, anasahau. Wiki mbili hadi nne baadaye, wakati mwingine miezi, hutokea kipele chekundu au cha zambarau kwenye kidole. Hakiumi sana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Hukua polepole, huwa kama sugu, hupasuka na kutoa maji, kisha baadhi ya wagonjwa huota vipele vingine vikipanda mkono kwa mstari. Mgonjwa hununua amoksilini dukani, haisaidii kitu, ananunua nyingine. Amoksilini haimuwezi bakteria huyu. Anatibiwa kwa dawa nyingine, mara nyingi mbili kwa pamoja, kwa miezi kadhaa, na asipotibiwa anaweza kufika kwenye viungo na mishipa ya vidole.

Jambo ambalo mgonjwa anaweza kulifanya, na ambalo hakuna mashine inayoweza kulifanya badala yake, ni kumwambia daktari: "Huwa nashika maji ya tangi la samaki." Au "huwa naparua kamba na kaa", kwa sababu wavuvi na akina mama wa delta wanaouza samaki wako kwenye hatari hiyohiyo, na kwao hakuna anayeita ugonjwa huo wa ofisini. Maabara ikiotesha sampuli kwenye joto la nyuzi 37, kama inavyofanya kwa kifua kikuu cha kawaida, bakteria huyu anaweza asiote kabisa. Anahitaji joto la chini. Na kile kipimo cha haraka cha TB kinachotumika katika hospitali zetu nyingi kinatafuta TB ya binadamu, hakimtafuti huyu. Bila maelezo yako majibu yatarudi "hakuna kitu" huku kidole kikizidi.

Kwa mtu mwenye kinga nzuri ugonjwa huu ni usumbufu wa muda mrefu. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa na dawa au na maradhi, unaweza kusambaa. Prednisoloni na methotreksati hushusha kinga. Ndivyo zinavyotuliza baridi yabisi. Wanaotumia dawa za saratani, waliopandikizwa figo, wenye VVU ambao CD4 zao bado ziko chini, na wenye kisukari kisichotulia nao wamo. Dada wa mapokezi asiache dawa zake kwa ajili ya samaki. Atafutwe mtu mwingine wa kusafisha. Yeye alishe kwa kijiko na atazame, kama wagonjwa wengine.

Yuko pia bakteria mwingine wa maji ya chumvi ya joto, Vibrio vulnificus. Huyu hangoji wiki. Kidonda kilichoingia maji ya bahari kikianza kuuma kupita kiasi ndani ya saa chache au siku moja mbili, kikavimba, kikatoa malengelenge meusi au ya damu, na homa ikapanda, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali usiku huohuo. Wenye ugonjwa sugu wa ini, pamoja na wale wa homa ya ini B iliyokomaa, na wenye kisukari ndio humshinda kwa shida zaidi. Matukio yake si mengi, lakini nimemtaja kwa sababu anayechelewa kwa siku moja anaweza kupoteza mkono au maisha.

Kwa hiyo sheria za mikono ni hizi, na ziandikwe karatasi zibandikwe ukutani nyuma ya tangi. Anayesafisha avae glavu ndefu zinazofika karibu na kiwiko; zile fupi za kupimia wagonjwa hujaa maji ukiinama. Mwenye kidonda au ukurutu mkononi asisafishe mpaka apone. Mpira wa kutolea maji usinyonywe kwa mdomo, hata kama fundi wa petroli mtaani hufanya hivyo. Vifaa vya tangi visioshwe kwenye sinki la kuoshea vikombe wala lile la vifaa vya vidonda. Viwe na ndoo yao, yenye alama. Mikono ioshwe kwa sabuni. Na chakula cha samaki cha kugandisha kisiwekwe kamwe kwenye friji ya chanjo. Najua friji hiyo mara nyingi ndiyo pekee jengoni. Tumieni chakula kikavu.

Mahali pa kuliweka napo pana neno. Mwongozo wa CDC ya Marekani wa mwaka 2003 kuhusu usafi wa mazingira ya hospitali unashauri matangi ya samaki yasiwekwe kwenye maeneo ya kuhudumia wagonjwa. Ukumbi wa kusubiri, mapokezi, ofisi ya uhasibu, hapo sawa. Wodi, chumba cha kujifungulia, chumba cha vidonda, chumba cha watoto wachanga, hapana. Kama kliniki ina chumba kimoja tu kinachofanya kazi zote, basi tangi lisubiri jengo likue.

Maji ya delta au ya kuchanganya?

Msomaji wetu anadhani kwa kuwa Nyamisati iko ndani ya wilaya yake, maji ni ya bure. Ni bure, lakini si ya kufaa.

Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko ulio pamoja kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000, na tangu 2004 ni sehemu ya ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa inayotambuliwa chini ya mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Uzuri wake ni kwamba mto na bahari vinakutana humo. Kwa tangi ndiyo kasoro yake. Maji ya bahari ya wazi yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa lita. Ndani ya vijito vya Salale au Mbwera chumvi hupanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, na masika mto ukifurika hushuka sana huku maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Kamba na kaa wa delta wamezoea mabadiliko hayo. Samaki wa miamba ya Mafia hawajazoea.

Halafu kuna afya. Mto unaopita kwenye makazi hubeba kila kitu. Aprili 2024 mafuriko yalizamisha vijiji na mashamba Rufiji na Kibiti, na mafuriko huzamisha vyoo pia. Hata pasipo mafuriko, kimelea cha kipindupindu kinaweza kuishi chenyewe kwenye maji ya chumvi kidogo ya midomo ya mito, akijishikiza kwenye vijidudu vidogo vya majini. Kuchota ndoo za maji hayo na kuyaweka mbele ya watoto wagonjwa si wazo zuri.

Ukitaka maji ya asili, yachotwe mbali na mdomo wa mto, kiangazi, maji yakiwa yamejaa, na watu wanaovuka kwenda Mafia, na yapimwe chumvi kabla ya kutumika. La sivyo nunua chumvi maalumu ya matangi ya bahari, ambayo kwa tangi dogo inatakiwa kama kilo tatu tu kuanzia. Chumvi ya jikoni haifai, wala ile ya mawe ya kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Ya jikoni ni sodiamu kloridi na madini joto. Ya mashambani imeacha sehemu ya madini mengine, hasa kalsiamu, chini ya bwawa wakati inakauka. Wauzaji wa vifaa hivi wako Dar es Salaam zaidi, na ukiwa huko nunua pia kipima chumvi, kipimajoto na vipimo vya amonia na nitriti. Kama bajeti haitoshi kwa vipimo hivyo, haitoshi kwa tangi.

Ukubwa, uzito na subira

Watu hudhani tangi dogo ndilo rahisi. Ni kinyume chake. Kwenye lita ishirini kosa dogo ni sumu. Kwenye lita themanini kosa lilelile hupotea ndani ya maji. Kioo cha sentimita 60 kwa 35 kwa 40 kinabeba lita 84, na hicho ndicho ningeanza nacho ofisini. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 84, ongeza mawe na kioo, unapita kilo mia. Meza ya plastiki haibebi hivyo. Meza iwe ya mbao nzito au ya zege, iliyonyooka, na ikiwezekana ifungwe ukutani, maana mtoto wa miaka miwili hujivuta kwa chochote anachokiona. Kioo kiwe na mfuniko unaofungwa. Mikono ya watoto isifike ndani.

Jua la dirishani huleta ukungu wa kijani na joto. Joto ndilo adui mkubwa Kibiti. Samaki wengi wa miamba hupendelea nyuzi 24 hadi 27, na chumba chenye bati na madirisha madogo hupita 30 mchana. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu. Lakini feni hukausha maji, na hapa wengi hukosea: maji yakipungua, chumvi haiondoki. Lita nane zikikauka kwenye tangi la lita 84, chumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 39. Anayejazia kwa maji ya chumvi huzidisha tatizo. Jazia kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kila siku kidogo kidogo hadi kwenye mstari uliouchora kwenye kioo. Maji ya mvua safi yanafaa. Ya bomba yenye klorini yawekewe kwanza dawa ya kuiondoa.

Na ile ndoo ya maji ya kujazia ifunikwe. Tangi lenyewe, likiwa na pampu inayotikisa maji ya chumvi, halimvutii mbu. Ndoo ya maji matulivu kando yake ndiyo inayomvutia Aedes, mbu wa dengue, yule anayeuma mchana. Milipuko ya dengue ya 2014 na 2019 Dar es Salaam ilichochewa na vyombo vya namna hiyohiyo vilivyoachwa wazi. Ingekuwa aibu kliniki kuwafuga.

Mawe ya kuweka ndani yawe yale makavu ya matumbawe ya zamani yanayouzwa pwani kwa kujengea, yaoshwe kwa maji baridi na kuanikwa. Mawe hai yasichukuliwe baharini, na jiwe lolote lenye viumbe lisichemshwe jikoni kwa kulisafisha. Baadhi ya viumbe wanaofanana na vijiua juu ya mawe hayo wana sumu iitwayo palitoksini, ambayo mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini Ulaya na Marekani.

Baada ya maji, mchanga, mawe na pampu kuwekwa, tangi linangojea wiki nne hadi sita bila samaki. Weka kipande kimoja cha kamba mbichi kioze humo; Kibiti hakuna shida ya kupata kamba. Kikioza hutoa amonia, bakteria wema huota na kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati ambayo ina madhara madogo. Vipimo vikionyesha amonia na nitriti zimepanda kisha zimeshuka hadi sifuri, ndipo samaki wa kwanza aingie. Wanaoruka hatua hii hununua samaki Jumamosi na kuwazika Jumatano, na mtoto aliyekuja kufungua bandeji huona samaki anaelea tumbo juu.

Baada ya hapo kazi ni ndogo kweli. Chakula kidogo mara moja kwa siku, na mtu mmoja tu mwenye kulisha, kwa sababu ofisini kila anayepita hutupia. Jumamosi na Jumapili wanaweza kukaa bila kula. Kila wiki mbili badilisha sehemu moja ya kumi ya maji. Taa saa sita hadi nane.

Umeme

Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, na chumvi hurukaruka na kuganda kwenye soketi. Soketi iwe pembeni na juu, si chini ya tangi. Kila waya ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuingia ukutani, ili tone la maji lianguke sakafuni badala ya kuifuata waya hadi ndani. Fundi aweke kikata umeme kinachohisi umeme unaovuja. Ekstensheni za sakafuni, hapana. Na kabla ya mkono kuingia majini, kila plagi ichomolewe, hata kama ni kuokota kijiko.

Luku ikiisha au umeme ukikatika, samaki wachache kwenye lita themanini watavumilia saa kadhaa. Pampu ndogo ya hewa ya betri huokoa usiku. Kliniki yenye jenereta au betri ya sola kwa ajili ya friji ya chanjo isije ikaunganisha tangi humo bila hesabu. Chanjo kwanza.

Samaki gani

Wawili watatu tu, wadogo. Wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliofanywa maarufu na filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ni wagumu na hawahitaji nafasi kubwa. Yule wa filamu hayupo kwenye bahari yetu ila ndugu zake wapo. Uliza waliofugwa, kwa sababu aina hii huzalishwa kwenye matangi na huvumilia zaidi. Konokono wachache wa kulamba ukungu wanatosha kuwa wafagizi.

Usiweke samaki mwenye miiba ya sumu ofisini. Tasi, ambaye tunamla kila siku, ana miiba inayochoma. Ngogo wa baharini pia. Samaki simba ni mzuri kutazama lakini mahali pake si kliniki yenye watoto. Aliyechomwa na yeyote kati ya hao aloweke mkono kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, karibu nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kwa sababu sumu hizo huharibiwa na joto. Mtu mwingine ajaribu maji kwanza kwa mkono wake mzima, kwa kuwa aliyechomwa hasikii joto sawasawa. Kisha apelekwe kwenye huduma kwa ajili ya pepopunda na mabaki ya mwiba.

Wavuvi wanaweza kukuletea samaki wa mapambo kwa bei ya soda. Muulize kwanza ofisa uvuvi wa wilaya. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003 na biashara ya viumbe hai wa baharini ina vibali vyake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995, iko ng'ambo tu ya maji, na matumbawe hai hayachukuliwi humo kwa ajili ya meza ya mapokezi.

Tangi bila samaki

Kama yote haya yamemchosha msomaji wetu, lipo jingine ninalolipenda zaidi kwa Kibiti. Tangi lenye mchanga, maji ya chumvi nusu, konokono wachache na miche miwili mitatu ya mkoko iliyoota kutoka kwenye zile mbegu ndefu kama penseli. Mikoko inalindwa, kwa hiyo mbegu ziombwe kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu, ambao wana taratibu za vitalu. Mche huvumilia chumvi inayopanda na kushuka, hauogopi umeme kukatika, haufi Jumapili. Mtoto wa Kibiti mjini ambaye hajawahi kufika delta atauona mzizi ukishuka siku baada ya siku kila anapokuja kubadilishwa bandeji. Wale watazamaji wa Plymouth walitulia mbele ya maji yasiyo na samaki. Glavu bado ni lazima.

Na siku mtakapochoka na tangi, samaki wasirudishwe kijitoni, hasa walionunuliwa dukani, kwa kuwa hubeba magonjwa. Samaki simba wa bahari yetu walionekana Florida miaka ya 1980, inaaminika wakitokea kwenye matangi ya watu, na leo wamejaa Karibea yote wakila vifaranga vya samaki wengine. Mpeni samaki mtu mwingine mwenye tangi. Maji yamwagwe chooni, si kwenye bustani ya mchicha, kwa sababu chumvi itaiua. Kioo kisiachwe nyuma ya jengo kikitazama juu: kigeuzwe, au kijazwe mchanga, kabla mvua za masika hazijakijaza na mbu hawajakiona.